Kutoka Mnara wa Saa hadi Kibaraza cha Fundi

Msafiri atokaye stesheni kongwe ya reli ya kati jijini Dar es Salaam hatembei mbali kabla hajakutana na Mnara wa Saa. Mnara huo ulijengwa mwaka 1961, Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya kuwa jiji, nao umesimama zinapokutana barabara za Samora, Nkrumah na Uhuru. Magari huuzunguka tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na wapita njia walio wengi huupita bila kuinua macho, kwa kuwa kila mmoja ana simu mfukoni. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, mpaka asubuhi moja nilipopita hapo nikiwa na saa ya mkono ya marehemu baba, nimeifunga ndani ya leso. Saa hiyo ilikuwa imekufa, na aliyeiua ni mimi.

Nakusimulia, ndugu msomaji, safari fupi ya kutoka mnara ule hadi kwenye kibaraza cha fundi saa mmoja wa Kariakoo. Kwa miguu haizidi nusu saa. Mimi ilinichukua miezi minane kuimaliza.

SAA ILIYOONGOZA KIJIJI

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya ya Kilosa. Saa yake aliinunua mwaka 1976, muda mfupi baada ya kuanza kazi. Ni Roamer, iliyotengenezwa mjini Solothurn, Uswisi, na kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1888. Saa ya kutiwa ufunguo kwa vidole kila asubuhi, yenye mawe 17, na uso mweupe ambao kwa kupita miaka umegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Shule haikuwa na kengele. Ilikuwa na ringi la lori lililoning'inizwa mwembeni, na kipande cha nondo cha kulipigia. Mwanafunzi wa zamu alisimama chini ya mti akimtazama baba, naye baba akiitazama saa. Baba akiinua mkono, ringi likalia. Wanafunzi waliingia darasani, lakini si wao peke yao walioitii sauti ile. Akina mama waliinjika vyungu, waliokuwa shambani walijua jua limefika wapi, na mwenye duka alifungua mlango. Kila usiku, taarifa ya habari ya saa mbili ya Radio Tanzania ilipokaribia, baba aliivua saa, akaiweka mezani mbele ya redio na kuirekebisha. Sisi watoto tulikatazwa kusema hata neno moja katika dakika ile.

Baba alipofariki, mama alinikabidhi saa hiyo baada ya arobaini. Haikuwa ikienda. Laiti ningaliipeleka kwa fundi siku ileile, nisingalikuwa na habari ya kuandika. Badala yake nilitazama picha za video mbili tatu katika simu, nikajiona nimehitimu, nikachukua kisu cha jikoni na kubandua kifuniko cha nyuma. Ndani niliona gurudumu dogo la rangi ya dhahabu limesimama kimya. Nikaligusa kwa sindano ili nilisaidie kuondoka. Liliyumba mara moja, sindano ikanasa, na kamani ile ndogo iliyo katikati yake, nyembamba kuliko unywele, ikavutika na kujisokota kama uzi uliochezewa na paka.

BARABARA YA UHURU

Kutoka Mnara wa Saa nilishika Barabara ya Uhuru, ambayo zamani iliitwa Kichwele. Ukiisha kuvuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed unafika Mnazi Mmoja. Leo watu hupumzika hapo chini ya miti, lakini enzi za ukoloni eneo hilo liliachwa wazi kwa makusudi, ili kuyatenga makazi ya Wazungu na Waasia na yale ya Waafrika. Ukivuka na Mtaa wa Lumumba, umekwisha kuingia Kariakoo.

Jina la Kariakoo lilizaliwa na vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na vinywa vya wenyeji vikalilainisha jina hilo mpaka likawa letu. Soko kuu lenye mapaa yanayofanana na miavuli, lililosanifiwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mwezi Julai 2021 likaungua moto. Hata hivyo Kariakoo haijawahi kuwa jengo moja. Ni mitaa, vichochoro na vibaraza, na katika baadhi ya vibaraza hivyo ndimo walimo mafundi saa.

Humtambui fundi saa kwa kibao chake. Unamtambua kwa namna alivyoinama. Huyu niliyeelekezwa alikuwa na meza ndogo yenye kijikabati cha vioo juu yake, na ndani ya kijikabati saa zilizopona zikiwasubiri wenyewe. Mbele yake palikuwa na vibano, bisibisi nyembamba kama sindano, makopo ya vidonge yaliyojaa skrubu, na kikombe cha chai alichokifunika kwa kisosi ili vumbi lisiingie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Nikafungua leso. Akaibana lenzi jichoni, akaitazama saa kwa muda mrefu bila kunena.

"Nani aliyeifungua?"

Nilifikiri kumsingizia fundi fulani wa kule bara, lakini ulimi ulinigomea. "Ni mimi, mzee."

"Kwa kisu?"

"Kwa kisu."

Akaiweka chini taratibu. "Baba yako hakuiharibu. Ilisimama kwa sababu mafuta yalikauka. Kuisafisha tu kungetosha. Sasa kifaa hiki ulichokivuruga hakiuzwi dukani. Nenda ukaitafutie ndugu yake, hata kama naye amekufa, tumtoe kilicho kizima."

KILICHOMO NDANI YA SAA

Kabla sijaondoka, mzee yule alinionyesha nilichokuwa nimekigusa bila kukijua. Yafaa nawe ukijue.

Saa ya aina hii haina betri. Nguvu yake inatoka kwenye kamani kubwa, yaani utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kijipipa. Utiapo ufunguo unaikaza kamani hiyo, nayo hutamani kujikunjua. Ingeachwa huru, ingejikunjua kwa kishindo na akrabu zingezunguka kama pangaboi. Ndiyo maana kuna msururu wa magurudumu yenye meno, na mwisho wa msururu huo kipande kidogo chenye umbo la nanga, ambacho hulizuia gurudumu la mwisho na kuliachia jino moja baada ya jingine. Anayekiamrisha kipande hicho ni lile gurudumu la rangi ya dhahabu, gurudumu la mizani, linalokwenda na kurudi kwa hisani ya kamani yake nyembamba. Sauti ya saa unayoisikia ni ya nanga ile ikigonga meno.

Saa nyingi za rika la ile ya baba hugonga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde. Kwa siku ni mara 432,000. Ekseli za magurudumu zingekuwa zinasuguana na chuma kitupu, zingekwisha upesi. Kwa hiyo hukalishwa ndani ya vitundu vya rubi iliyotengenezwa kiwandani, jiwe gumu lisilolika kwa urahisi. Hayo ndiyo mawe 17 yanayotajwa usoni mwa saa. Hayakuwekwa kwa ajili ya urembo, wala si utajiri wa kuibiwa.

Na siku ina sekunde 86,400. Saa kuukuu iliyosafishwa vizuri ikikosea kwa sekunde 30 kwa siku, imekosea chini ya sehemu 4 katika kila 10,000. "Niambie," aliuliza mzee, "ni mtumishi gani atakayekukosea kiasi hicho tu?"

Akachukua saa iliyo nzima, akairekebisha. Akrabu fupi ilielekea namba 9. "Saa tatu kamili," akasema, wala hakuona ajabu. Kumbe sote tunafanya hivyo kila siku pasipo kuwaza. Saa imechorwa kwa hesabu ya Ulaya, inayoanza usiku wa manane, nasi tunahesabu tangu macheo, kwa kuwa katika nchi zilizo karibu na ikweta jua halichezi sana: hapa Dar es Salaam macheo ya mwaka mzima hayatofautiani hata kwa saa moja. Basi akrabu huonyesha namba moja, nasi tunasoma namba iliyo mkabala nayo. Mwingereza hushangaa. Sisi tumezaliwa nayo.

KUMTAFUTA NDUGU

Nilianza kutafuta. Nilizunguka kwenye mitumba ya Mchikichini, nikauliza kwa wauza vyuma chakavu, nikawasumbua jamaa wa mikoani. Hapo ndipo nilipotambua wingi wa saa kuukuu zilizomo mikononi na makabatini mwa watu.

Sababu yake iko mbali. Tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya kwanza ya mkono yenye kutumia fuwele na betri. Katika saa nyingi za betri za leo, kijiwe hicho hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na hakuna gurudumu la mizani liwezalo kushindana nacho. Bei zilipoanguka, viwanda vya kale vilitetereka. Uswisi peke yake ilikuwa na wafanyakazi wa saa wapatao 90,000 mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1980 walibaki elfu thelathini na kitu. Saa za kamani zilitupwa madroo duniani kote, nazo ndizo zinazoibuka leo sokoni.

Siku ya tatu ya kutafuta, kijana mmoja alinifuata barabarani na Roamer inayong'aa kama sarafu mpya. Alitaka shilingi 60,000, tukaafikiana kwa 35,000. Nilirudi kwa mzee nikiwa na furaha ya mwindaji. Akaigeuza, akaifungua, akanipa lenzi nitazame mwenyewe. Uso ulikuwa umepakwa rangi upya, na maandishi yake yalipinda kidogo. Mashine iliyokuwamo ilikuwa ya saa nyingine kabisa, ya bei ya chini, na skrubu zake zimekwanguliwa na bisibisi isiyo yake. Jina lilikuwa la nyumba moja, na moyo wa nyumba nyingine. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi niliona kibaya kikija kwa miguu yake nikakipokea.

"Usisikitike," mzee alisema akicheka. "Hiyo ndiyo ada yako ya shule. Kaa hapo, uifungue yote."

Kuanzia Jumamosi ile nikawa mwanafunzi. Niliifungua saa ile bandia na kuifunga tena, nikapoteza skrubu, nikatambaa sakafuni kuitafuta, nikaifungua tena. Alinifundisha kupanga kila kifaa kwa mfuatano wa kutoka kwake, ili kirudi kwa mfuatano huohuo. Alinifundisha kuondoa nguvu ya kamani kubwa kwanza, kabla ya kugusa kingine chochote. Alinikataza kushika magurudumu kwa vidole, kwa kuwa jasho la pwani ni kutu ya kesho. Mafuta alinipimia kwa ncha ya waya: tone lisiloonekana vizuri kwa macho, kwani mafuta yakizidi hutambaa na kunasa vumbi. Na kila niliponyanyua kibano kwa pupa, alirudia neno moja: "Saa haiogopi uzee, mwanangu. Inaogopa mwenye haraka."

USHAURI KWA MNUNUZI

Miezi ile ilinipa ugonjwa usio na dawa. Sasa ninazo saa kuukuu sita, nyingine za Kijapani, nyingine za Kiswisi, zote zilikuwa zimekufa na nne kati yake zinakwenda. Kwa msomaji anayetaka kuanza, nampa haya machache niliyoyalipia.

Kwanza, usinunue saa usiyoonyeshwa ndani yake. Muuzaji mwaminifu atakubali ifunguliwe mbele ya fundi. Tazama kama kuna kutu, hasa karibu na kitufe cha kutilia ufunguo, kwa maana hapo ndipo maji huingilia. Linganisha jina lililo usoni na lile lililo kwenye mashine.

Pili, uzungushe akrabu duru nzima mbili uone kama zinagusana, na kama tarehe inabadilika karibu na usiku wa manane. Itie ufunguo kidogo, uisikilize. Mlio uwe sawasawa, usichechemee. Kisha igeuze uso chini, usikilize tena.

Tatu, saa inayokimbia dakika nyingi kwa siku huenda si mbovu. Mara nyingi imeshikwa na sumaku ya spika au ya kifuniko cha simu. Isogeze karibu na dira: sindano ikiyumba, umeijua kasoro. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache.

Nne, uso wenye madoa ya asili ni afadhali kuliko uliopakwa rangi juzi. Uzee wa kweli ni ushahidi.

Na tano, ambalo ni la usalama wa nyumba. Baadhi ya saa za kabla ya miaka ya 1970 zilipakwa radiamu ili namba zing'ae gizani. Mng'ao huo hufa, lakini mionzi haifi upesi, kwani radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usiikwangue rangi hiyo, usiipulize, wala usiwaachie watoto kuichezea. Vivyo hivyo betri ndogo za duara zinazotolewa kwenye saa za kisasa zitupwe mbali na watoto. Mtoto akiimeza, koo lake laweza kuungua kwa muda mfupi, na hapo ni kukimbilia hospitali bila kungoja dalili.

SAA IKARUDI

Ndugu wa saa ya baba nilimpata mwezi wa saba wa kutafuta, katika bakuli la vikorokoro la mama mmoja auzaye vyombo vilivyotumika. Hakuwa na kioo wala akrabu, na uso wake ulikuwa umeliwa na kutu. Lakini tulipomfungua, mashine ilikuwa ileile, na gurudumu la mizani lilicheza mara mzee alipolipuliza.

Nataka niseme kweli hapa. Saa ya baba sikuitengeneza mimi. Niliiosha, nikapanga vifaa vyake juu ya karatasi nyeupe, nikarudisha magurudumu niliyoruhusiwa kuyarudisha. Ilipofika zamu ya gurudumu la mizani, mzee alinyoosha mkono bila kusema, nami nikampisha. Miezi minane ya Jumamosi ilikuwa imenifundisha mahali pa kusimama. Alishusha pumzi, akaliteremsha, akakaza skrubu moja. Saa ikaanza kugonga.

Nilimwuliza siku ile nani atakirithi kibaraza chake. Aliniambia kwamba alijifunza kazi ujanani, katika duka la saa la mjini, kwa kukaa mwaka mzima akifagia na kutazama kabla hajapewa kibano. Siku hizi kazi zinazomjia kwa wingi ni kubadili betri na kukata bangili. Vijana wawili walikuja kujifunza, wakaondoka kwenda kwenye simu, ambako malipo hupatikana siku ileile. Hakuwalaumu. "Macho yangu yananitosha kwa miaka michache," alisema. "Baada ya hapo saa zitakuwapo, mafundi ndio watakaotafutwa kwenye mabakuli."

Nilisafiri kwenda Kilosa nikiwa nimeivaa. Njiani niliilinganisha na simu kila baada ya saa moja. Ilichelewa kidogo sana, sekunde arobaini hivi kwa siku, nami nikajisifu moyoni. Nilimkuta mama uani akichambua mchele. Nikaivua, nikampa. Hakuitazama usoni. Aliiweka sikioni, akatulia, mikono yake yote miwili ikiwa imeifunika. Kisha akaitazama, akatazama simu yangu niliyokuwa nimeiweka juu ya mkeka, akatikisa kichwa.

"Umeiweka vibaya," alisema.

"Mama, ni sawasawa kabisa na simu."

"Ndiyo nisemavyo. Baba yako aliitanguliza dakika tano. Kila siku. Redio ikisema saa mbili, yeye aliiweka saa mbili na dakika tano. Kulikuwa na watoto waliotoka ng'ambo ya mto. Alisema hawezi kumchapa mtoto kwa sababu ya mto, basi bora kengele ya kwanza ilie mapema, na ya pili wawe wamefika."

Miaka yote ile kijiji kizima kiliishi dakika tano mbele ya redio, wala hakuna aliyejua ila wawili. Nikavuta kitufe, nikaisogeza akrabu ndefu mahali ilipozoea kuwa, nikakirudisha kitufe.

Ndugu msomaji, huenda katika kabati lako mna saa ya mzazi iliyosimama. Usiifungue kwa kisu. Ifunge ndani ya leso, uende nayo kwa fundi wa mji wako angali na macho, na ukiwa na kijana mwenye mkono mtulivu, nenda naye. Lakini kabla hujairekebisha, mwulize kwanza aliyeishi nayo ilikuwa ikiwekwaje.